Binti ana kisukari, dozi imepungua: je, seli za kutuliza kinga zimeamka?

"Shikamoo daktari. Tuko Kanda ya Ziwa, nina binti wa miaka 11. Alianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa kitandani, akakonda, tukadhani ni UTI. Siku ya tano alilegea tukamkimbiza hospitali ya rufaa, mashine ya sukari ikaandika HI, yaani iko juu kupita kipimo. Alilazwa siku nane. Damu ilipelekwa Dar, kipimo cha GAD kikarudi chanya, tukaambiwa ni kisukari aina ya kwanza, kinga yake mwenyewe imeshambulia kongosho. Anachoma insulini mara nne kwa siku. Shemeji yangu ametuletea dawa ya unga ya kuongeza kinga, binti anakunywa kwenye uji asubuhi na jioni. Hii ni wiki ya sita, sukari imetulia na kliniki wamepunguza dozi karibu nusu. Kaka yake anayesoma chuo ameniambia kuna seli T zinazozuia seli T nyingine, na waliozigundua wamepewa tuzo ya Nobel. Nauliza, kwa nini hazikumlinda binti yangu? Inawezekana hiyo dawa imeziamsha? Tunaweza kuacha insulini taratibu? Na mdogo wake wa miaka 6, naye atapata? Baba yao anasema ni mimi niliyewazoesha soda na juisi."

Marahaba mama, na poleni sana kwa mtihani huu. Umeuliza mengi, na moja kati ya hayo haliwezi kusubiri, kwa hiyo naanza nalo. Hapana, msiache insulini. Msiiache taratibu, msiiache kwa wiki moja ya kujaribu, msiiache hata siku ambayo binti ameamka na sukari nzuri kabisa. Kliniki kupunguza dozi kwa kufuata namba za mashine ni sawa, na wamefanya vizuri. Kuiondoa ni habari nyingine, na nitakueleza kwa nini ni hatari hata katika wiki hizi nzuri.

Halafu hiyo ya soda. Ningependa baba yao asome aya hii mwenyewe. Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na soda, juisi, pipi wala keki za sikukuu. Mtoto wa jirani anakunywa soda hizo hizo na hana kisukari hiki. Ila najua kwa nini wazazi wengi wanaamini hivyo, maana nimelisikia kliniki mara nyingi mno. Wiki chache kabla ya kulazwa, sukari ya mtoto ikiwa tayari imepanda, anakuwa na kiu isiyokatika. Anaomba maji, anaomba juisi, anaomba soda, usiku na mchana. Baadaye familia inapokaa na kukumbuka, inaona soda nyingi kisha ugonjwa, kumbe ugonjwa ndio ulioanza na kiu ikaleta soda. Hukumsababishia mwanao ugonjwa. Na kabla mtu mwingine hajaja na hoja ya chanjo, nayo siyo chanzo.

Sasa wiki hizi sita. Siku binti yako alipolazwa, seli za kongosho zinazotengeneza insulini hazikuwa zimekufa zote. Sehemu ilikuwa hai lakini imeelemewa. Sukari ikikaa juu muda mrefu inazichosha seli hizo, zinanyamaza kama mtu aliyezimia. Insulini ya sindano inapoanza kuteremsha sukari, zile zilizobaki zinapata nafasi ya kupumua, zinazinduka, zinaanza kutoa insulini kidogo yake mwenyewe. Ndipo dozi ya sindano inapungua, wakati mwingine kwa kiasi cha kushangaza. Madaktari hukiita kipindi hiki fungate. Huanza wiki chache au miezi michache baada ya matibabu, huweza kudumu miezi kadhaa, kwa wengine mwaka au zaidi, kisha huisha. Hutokea kwa watoto wengi ambao hawajawahi kuonja unga wa aina yoyote. Dawa ya shemeji imeingia nyumbani katika wiki zile zile ambazo nafuu hii ingekuja kwa vyovyote, ikachukua sifa ya sindano.

Hapa ndipo ninapopata hofu ya kweli. Nimewahi kumpokea usiku mtoto ambaye wazazi wake waliona sukari imetulia, wakamshukuru Mungu, wakaacha sindano ili waendelee na mizizi. Siku tatu za kwanza hazikuonyesha kitu. Siku ya nne alikuwa anapumua kama aliyekimbia mlima, hajitambui. Tulimpata, lakini kwa taabu. Wazazi wale walimpenda mtoto wao kama unavyompenda wako.

Tuje kwenye kinga. Nadhani Kiswahili chetu chenyewe kimetuchanganya kidogo. Ugonjwa uliotufundisha neno kinga ni UKIMWI, na jina lake linasema wazi: upungufu wa kinga mwilini. Tangu miaka ya 1980 tumezoea kuiwazia kinga kama maji kwenye simtanki. Yakipungua ni hatari, yakiongezeka ni heri, na kila anayeuza unga sokoni anaahidi kujaza tangi. Kwa HIV picha hiyo inasaidia, kwa sababu virusi vinaua seli T aina ya CD4 na kinga inapungua kweli. Kwa binti yako haisaidii hata kidogo. Kinga yake haikupungua. Ilikuwa na nguvu za kutosha, ikamkosea mtu. Kumwongezea nguvu anayempiga asiye na hatia siyo tiba, na kama unga ule ungekuwa kweli unaongeza kinga kwa namna wanayodai, ningeuogopa zaidi.

Kwa kuwa mko Kanda ya Ziwa, nitumie mfano mnaoujua. Kijiji kina sungusungu. Usiku mtu mmoja anapuliza filimbi na kupaza sauti, "Mwizi!" Vijana wanatoka na fimbo. Mara nyingi ni mwizi kweli, na kijiji kinalala salama. Lakini kuna usiku ambao aliyeshikwa ni mpita njia, au kijana wa hapo hapo aliyechelewa kurudi. Kinachomwokoa ni mzee mmoja au wawili wanaojipenyeza katikati na kusema, "Ngojeni. Huyu ni mtoto wa fulani." Wazee hao ni wachache kuliko vijana, na wasipokuwepo asubuhi kunakuwa na msiba.

Mwilini vijana hao ni seli T. Zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, halafu zinapelekwa kusomea kwenye tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Kila seli T inapewa kipokezi chenye umbo lake, kama ufunguo uliochongwa bila kujua utafungua kufuli gani. Kwa kuwa zinachongwa kwa bahati, baadhi zinatoka na ufunguo unaoingia kwenye mwili wenyewe. Thaimasi inazionyesha vipande vya protini za mwili, hata insulini kwa kiasi kidogo, na zinazovishika kwa nguvu mno zinauawa hapo hapo. Usaili huo ni mkali, lakini haukamati wote. Mimi, wewe, na baba yao, tunatembea na seli T chache zinazoweza kuiona insulini yetu kama adui, na hatuumwi. Kwa hiyo swali la kaka yake wa chuo ni zuri kuliko anavyodhani: nani anazishika hizo zilizopenya?

Zinashikwa na ndugu zake. Baadhi ya seli T ambazo zinautambua mwili wenyewe haziuawi kwenye thaimasi, zinageuzwa kazi. Ndani yake jeni inayoitwa FOXP3 inawashwa, na kuanzia hapo seli hiyo ni mzee wa kijiji. Tunaziita seli T za udhibiti. Kwenye damu ni kama 5 hadi 10 katika kila seli 100 za aina ya CD4.

Namna zinavyofanya kazi inanishangaza mpaka leo, na nitakaa hapa kidogo. Ili seli T ya mashambulizi ianze vita inahitaji mambo matatu. Kwanza, seli ya doria imletee kipande cha anayeshukiwa, kwenye tezi za limfu, zile zinazovimba kwapani au kinenani tukasema mtu ana mtoki. Pili, seli hiyo ya doria iwe imevaa juu yake protini mbili ziitwazo CD80 na CD86. Hizo ndizo filimbi: bila kuzigusa, seli T iliyoona kipande haichukui hatua. Tatu, ipate interlukini-2, ambayo ni kemikali ya kuzifanya seli T ziongezeke. Ichukulie kama uji wa usiku wa doria. Bila uji, vijana wawili hawawi mia.

Seli ya udhibiti inavuruga hatua ya pili na ya tatu. Juu yake ina protini iitwayo CTLA-4, inayoishika filimbi kwa nguvu zaidi kuliko seli ya mashambulizi inavyoweza. Tena haiishii kuishika. Inaing'oa kutoka kwenye mwili wa seli ya doria, inaivuta ndani yake na kuimeng'enya. Seli ya doria inabaki imeshika kipande cha mshukiwa lakini haina cha kupuliza.

Kwenye uji, seli ya udhibiti ina kipokezi cha interlukini-2 chenye sehemu iitwayo CD25, na anayo tele hata kabla fujo haijaanza. Uji ukikorogwa kidogo tu, yeye ameshaunywa. La kustaajabisha ni kwamba yeye mwenyewe hawezi kukoroga uji huo. Anategemea ule wanaoukoroga vijana wenye hasira. Kadiri wanavyopiga kelele ndivyo anavyoshiba na kupata nguvu ya kuwatuliza. Breki inajazwa mafuta na gari lenyewe. Zipo njia nyingine pia: anatoa interlukini-10 na TGF-beta, ambazo ni ujumbe wa kutuliza, na anazalisha adenosini inayopunguza makali ya walio karibu. Lakini filimbi na uji ndiyo kazi yake kubwa.

Wazo hili lilichelewa kukubalika. Mwaka 1970 Richard Gershon na Kazunari Kondo, katika chuo kikuu cha Yale, waliandika kwamba baadhi ya seli T huzima kinga. Maabara nyingi zikalikimbilia, nadharia zikarundikana, ikiwemo jeni moja iliyoitwa I-J iliyosemwa ndiyo alama ya seli hizo. Katika miaka ya 1980, eneo lile la jeni liliposomwa kwa makini, I-J haikuwepo. Aibu ilikuwa kubwa, na kwa miaka mingi aliyetamka neno "seli za kuzuia" hakupewa fedha za utafiti. Kama mwanao wa chuo atakutana na kitabu cha zamani kinachodharau jambo hili, hiyo ndiyo sababu.

Shimon Sakaguchi wa Japani hakuliacha. Watangulizi wake walikuwa wameona mwaka 1969 kwamba panya wakiondolewa thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kinga yao haidhoofu kama ilivyotarajiwa bali inageuka na kula viungo vyao. Yeye akawapa panya kama hao seli T za panya wazima, na ugonjwa ukazuilika. Mwaka 1995 akaonyesha kuwa walinzi hao hutambulikana kwa CD25. Huko Marekani kulikuwa na ukoo wa panya uliojitokeza katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, miaka ya 1940: madume walizaliwa na ngozi ya magamba, wakafa baada ya wiki chache, seli zao za kinga zikiwa zimevamia viungo. Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliisaka jeni iliyoharibika, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ya mikono na subira ya miaka, na mwaka 2001 wakaipata. Ndiyo Foxp3. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025 walipewa hao watatu.

Sikusimulii haya kama hadithi ya kupitisha muda. Kuna watoto wa kiume, wachache sana duniani, wanaozaliwa na jeni hiyo imeharibika, na ugonjwa wao unaitwa IPEX. Hawana seli za udhibiti zinazofanya kazi. Wanaharisha tangu wachanga, ngozi inawaka, na wengi wao wanapata kisukari aina ya kwanza wakiwa bado wananyonya, wakati mwingine katika siku za kwanza za maisha. Ukiwaondoa wazee kijijini, moja ya nyumba za kwanza kuchomwa ni kongosho. Hiyo ndiyo hakika yetu kwamba mimi na wewe tunalindwa na seli hizi kila siku tunayoishi bila sindano.

Kwa nini basi hazikumlinda binti yako? Yeye hana IPEX, ana miaka 11 na alikuwa mzima. Ukihesabu seli za udhibiti kwenye damu ya mtoto mwenye kisukari cha kawaida, mara nyingi idadi si mbaya. Tatizo liko kwenye ufanisi. Kwa baadhi, seli hizo zinausikia ujumbe wa interlukini-2 kwa udhaifu, kama mzee asiyepata uji wa kutosha. Kwa wengine, seli za mashambulizi zimekuwa sugu: zinaambiwa "ngojeni" na hazingoji. Jeni zinazoongeza uwezekano wa ugonjwa huu zinaelekeza huko huko. Kubwa kuliko zote ni zile za HLA, zinazoamua kipande gani kionyeshwe na namna gani. Zipo pia za insulini yenyewe, zinazoamua thaimasi ionyeshe insulini kiasi gani, ya CD25, na ya CTLA-4. Hakuna moja inayotosha kuleta ugonjwa peke yake. Mtoto anazirithi kutoka pande zote mbili, kwa wazazi ambao wenyewe ni wazima, na mara nyingi inashukiwa kwamba maambukizi ya virusi, hasa enterovirusi, huwasha moto kwenye kuni hizo. Kisha moto unawaka kimya kimya miezi au miaka kabla ya kiu ya kwanza. Antibodi za GAD walizozikuta, yaani protini ambazo kinga imezitengeneza dhidi ya kongosho lake, ni moshi wake.

Nashukuru kwamba walipima hiyo GAD. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanywa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, ulikuta kwamba karibu theluthi mbili ya vijana walioambiwa wana kisukari aina ya kwanza hawakuwa na antibodi za kawaida za ugonjwa huu. Kwa hao huenda maelezo yote niliyotoa kuhusu kinga hayahusu, ingawa insulini wanaihitaji vile vile. Kwa binti yako yanahusu.

Sasa, zinaweza kuongezwa? Hapa nataka kuwa mkweli kwako kwa sababu utakutana na vichwa vya habari. Kwenye panya wa maabara wanaopata kisukari cha aina hii, kuwapa seli za udhibiti kumezuia ugonjwa, tena vizuri. Kwa binadamu, watafiti wamechukua seli hizo kwenye damu ya mgonjwa, wakazizidisha maabara, wakamrudishia. Majaribio ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2015 kwa watu wazima 14, yalionyesha ni salama na baadhi ya seli zilidumu mwaka mzima. Lakini jaribio kubwa zaidi, la watoto na vijana zaidi ya 100 waliogundulika karibuni, lililochapishwa 2024, halikuokoa insulini yao iliyobaki. Inawezekana seli zilizorudishwa zilikuwa wazee wa vijiji vingine, wasioijua kongosho, na sasa maabara kadhaa zinatengeneza zenye anwani ya kongosho. Nina matumaini nazo, lakini bado hazijathibitishwa kuwa tiba ya kisukari. Ukiambiwa tiba hiyo ipo tayari, shika mkoba wako.

Njia ya kuwapa wazee uji zaidi, yaani dozi ndogo ya interlukini-2, nayo inafanyiwa kazi, na inatufundisha tahadhari. Katika jaribio moja la mwaka 2012 interlukini-2 iliunganishwa na rapamaisini, dawa ya kutuliza kinga, kwa wagonjwa tisa. Seli za udhibiti ziliongezeka kama ilivyokusudiwa, na wakati huo huo kongosho zao zikazorota kwa muda, kwa sababu uji uleule ulinywewa na seli nyingine pia. Mwaka 2006 huko London vijana sita wenye afya njema walipewa dawa iitwayo TGN1412, ambayo kwa wanyama ilikuwa imeongeza seli za udhibiti bila shida. Ndani ya saa chache kinga yao ililipuka na wote sita wakaishia chumba cha uangalizi maalumu. Walipona maisha, lakini mmoja alipoteza vidole. Ndiyo maana ninaposikia mtu na pakiti ya unga anasema "inarekebisha kinga", moyo unanilegea. Waliotumia miaka ishirini kwenye maabara wamejaribu kuigusa swichi hiyo na vidole vimeungua.

Mafanikio yaliyopo kweli ni dawa ya teplizumab. Marekani iliidhinisha Novemba 2022 kwa wenye umri wa kuanzia miaka 8 ambao antibodi zimeshaonekana na sukari imeanza kuyumba, lakini hawajaugua. Inatolewa kwa dripu siku 14 mfululizo na inachelewesha ugonjwa, kwa wastani kama miaka miwili au zaidi kidogo. Haikusudiwi kumwondolea sindano mtoto ambaye tayari anachoma, na bei yake haikaribii mfuko wa familia ya kawaida.

Huenda pia utaambiwa kwamba minyoo na kichocho huongeza seli za udhibiti. Ni kweli, vimelea hivyo vinaishi mwilini kwa kuwachochea wazee, na panya waliopewa mayai ya kichocho walikingwa na kisukari. Tafadhali usimnyime mtoto dawa za minyoo za shuleni kwa sababu hiyo. Kichocho cha ziwani kwenu kinaharibu maini, na kwa binadamu hakijaponya kisukari cha mtu.

Turudi kwenye unga wa shemeji. Sijauona, na sina sababu ya kudhani alikuja na nia mbaya. Lakini katika nchi mbalimbali dawa za "asili" za sukari zimepimwa zikakutwa na vidonge vya hospitali vimesagwa humo, hasa glibenklamidi, inayoteremsha sukari. Mtoto anayechoma insulini, tena yuko kwenye fungate, akinywa kitu hicho bila kipimo, sukari inaweza kuanguka usiku akiwa amelala. Ushauri wangu ni kuusimamisha unga leo na kuendelea na sindano kama zilivyopangwa. Kama ni vigumu kumwambia shemeji, mwambie daktari amekataza, nami nitaubeba mzigo huo. Na kwa kuwa katika kipindi hiki sukari hushuka kwa urahisi hata bila unga, binti awe na glukosi au sukari ya mezani mfukoni hata shuleni, na mwalimu wake ajue kwamba akitetemeka, akitoka jasho au akianza kuongea ovyo, anapewa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kwanza, maswali baadaye. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, akimbizwe hospitali.

Insulini yenu, kama hakuna friji, chupa inayotumika inakaa vizuri kwenye mtungi wa udongo wenye maji pembeni, kivulini. Isigande na isipigwe na jua. Chupa iliyofunguliwa msiipitishe wiki nne.

Mdogo wake wa miaka 6: tafiti za Ulaya na Marekani zinasema ndugu wa mgonjwa wako kwenye hatari ya takribani 5 kwa 100. Ni kubwa kuliko ya mtoto mwingine, lakini maana yake pia ni kwamba 95 hawapati. Huna haja ya kumnyima kitu wala kumpima kila asubuhi. Ila akianza kiu, kukojoa sana au kukonda, mpeleke siku hiyo hiyo na uombe kidole chake kichomwe, usikubali aondoke na dawa ya UTI au malaria bila sukari kupimwa. Kwa binti mwenyewe, omba kliniki wampime tezi ya shingo pia, kwa sababu kinga iliyokosea nyumba moja wakati mwingine hukosea ya pili.

Yapo mambo yasiyosubiri ujumbe wala simu. Binti akitapika zaidi ya mara moja, akilalamika tumbo, akipumua kwa kasi na kwa kina, mdomo ukinuka kama matunda yaliyoiva mno, au akilegea na kusinzia saa zisizo zake, mpeleke hospitali muda huo huo, hata kama ni saa nane usiku na hata kama jana mashine ilisoma vizuri. Akiwa na homa na hali chakula, insulini ya muda mrefu haiachwi. Mwili unaoumwa huihitaji zaidi, na dozi ya chakula ndiyo mnayoulizia kliniki.

Siku ya miadi ijayo nenda na daftari la sukari lenye namba za asubuhi, mchana na usiku, na pakiti ya huo unga, hata kama imebaki tupu. Waulize pia dozi inayofaa namba zikianza kupanda tena, maana zitapanda, na siku hiyo nisingependa mtu yeyote nyumbani, wewe hasa, aone ni adhabu ya kuacha kunywa dawa ya shemeji.